Kufunga Njia na Kuifungua: Somo la Vikwazo vya Burundi, 1996–1999

Treni ya reli ya kati ikitoka Dar es Salaam hufika Dodoma ikiwa imekata kilomita zipatazo 456 kati ya 1,252 za kwenda Kigoma. Mbele yake kuna mbuga za Bahi, kisha Saranda, ambako reli inaupanda taratibu ukuta wa Bonde la Ufa hadi Manyoni, halafu Itigi, Tabora, na mwishowe ziwani. Tangu Wajerumani walipoifikisha Kigoma mwaka 1914, njia hii haijawahi kuwa ya wenyeji wa Tanganyika peke yao. Mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana kwamba mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite huku, na Wabelgiji wakapewa sehemu yao maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma. Kahawa ya Burundi imepita mbele ya stesheni ya Dodoma ikishuka pwani. Mafuta, saruji na chumvi vimepita hapohapo vikipanda kwenda Bujumbura. Kwa hiyo anayeishi katika uwanda huu wa kati, hata kama hajawahi kuiona Burundi, amekaa kwenye koo la nchi isiyo na bahari. Mwaka 1996 serikali yetu, pamoja na za jirani, ililibana koo hilo, na ikaendelea kulibana kwa muda wa miaka miwili na nusu.

Nimeichagua habari hiyo kuwa kiini cha mhadhara huu kwa sababu ndiyo mara ambayo Tanzania ilishika vikwazo vya kiuchumi kwa mkono wake yenyewe, dhidi ya jirani anayetegemea njia yetu. Mara nyingi tukizungumzia vikwazo huwa tunazungumzia vya wengine: Umoja wa Mataifa umeamua, Marekani imeamua, sisi tunatekeleza. Hoja ninayoileta ni hii: tamko la vikwazo ni kazi ya wakuu wa nchi, lakini thamani yake hutegemea mambo ambayo wakuu wa nchi kwa kawaida hawayaandiki. Ni nini kitaachwa kipite, nani anatoa kibali na kwa siku ngapi, kipimo cha utii ni kipi, na vikwazo vitaondolewa vipi. Hayo ni ya Katibu Mkuu wa wizara, ya mkurugenzi wake, ya mtu anayeandaa dokezo na kulitia katika jalada. Asipoyaandika siku ileile njia inapofungwa, hatapata nafasi nzuri ya kuyaandika baadaye, na watakaolipa ni watu ambao hawakufanya mapinduzi yoyote.

Tukumbuke ilivyokuwa. Burundi ilikuwa inaungua tangu Oktoba 1993, wanajeshi walipomuua Rais Melchior Ndadaye, aliyekuwa amechaguliwa miezi michache tu nyuma. Tarehe 25 Julai 1996 jeshi lilimwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya na kumrudisha Meja Pierre Buyoya, aliyewahi kutawala kuanzia 1987 hadi 1993. Siku sita baadaye, tarehe 31 Julai, viongozi wa kanda walikutana Arusha, Mwalimu Julius Nyerere akiwa msuluhishi, na Salim Ahmed Salim akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wakaamua kuifungia Burundi uchumi wote. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire, Ethiopia na Zambia zikawa upande mmoja wa uamuzi huo. Kwetu Benjamin Mkapa alikuwa hajatimiza mwaka Ikulu, na Jakaya Kikwete ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 30 Agosti, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1072, likayalaani mapinduzi, likaunga mkono juhudi za kanda, na likatishia kuchukua hatua zake lenyewe, ikiwamo marufuku ya silaha. Lakini vikwazo vya uchumi vilibaki kuwa vya majirani. Hilo lilikuwa jambo jipya barani: nchi za Kiafrika kumwekea Mwafrika mwenzao vikwazo kwa sababu ya kuipindua serikali iliyotokana na uchaguzi, bila kusubiri New York. Nasema bila kusita kwamba uamuzi ule ulikuwa wa heshima. Kanda ambayo haikuweka vikwazo Ndadaye alipouawa ilikataa kuvumilia mara ya pili.

Ugumu ulianza baada ya kutiwa saini. Viongozi walitaka mambo matatu: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe tena, na mazungumzo yaanze mara moja, bila masharti, na pande zote za ndani na nje ya nchi, wenye silaha wakiwamo. Septemba 1996 Buyoya alitangaza kurudisha Bunge na kuruhusu vyama. Ni kweli kwamba Bunge lenyewe lilikuwa limebaki mifupa, kwa kuwa wabunge wengi walikuwa wameuawa au wamekimbilia uhamishoni, na vyama vilipumua chini ya macho ya askari. Hata hivyo, kwa maandishi, mawili kati ya matatu yalikuwa yamejibiwa kabla ya miezi miwili kwisha. Kanda ikajibu nini? Viongozi walipokutana tena Arusha mwezi Oktoba walivibakiza vikwazo. Huenda walikuwa na haki. Lakini hawakuwa wameweka mahali popote ngazi inayosema: ukifanya hili, hiki kitafunguliwa, ukifanya lile, na kile kitafunguliwa. Wala haikuwa imeandikwa Bunge "lililorudishwa" linatambulikana kwa alama zipi. Tangu hapo shabaha ikawa inasogea. Mara ilikuwa kuirudisha katiba, mara kumleta Buyoya mezani, mara kumzuia asiondoke mezani. Bujumbura ikajifunza kwamba hatua inayopigwa haina bei inayojulikana, na serikali ikijifunza hivyo huacha kupiga hatua kwa ajili ya aliyeiwekea vikwazo. Hupiga hatua kwa sababu zake nyingine.

Kuna anayesema ngazi hiyo isingewezekana, kwamba viongozi saba hawawezi kukubaliana juu ya aya ndefu usiku mmoja. Nakubali kwamba hawawezi. Ndiyo maana nasema ni kazi ya watendaji. Viongozi wanakubaliana juu ya aya tatu. Maofisa waandamizi wa nchi zote wanapewa siku kumi na nne kuambatisha jedwali. Mkutano wa Arusha ulizaa kamati ya kikanda ya kuratibu vikwazo, na kamati ile ilifanya kazi katika mazingira magumu. Lakini iliundwa kusimamia kufunga. Kufungua kulibaki mikononi mwa mkutano wa wakuu, na mkutano wa wakuu hukutana wakuu wanapopata nafasi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo maumivu yalipokuwa. Mwanzoni orodha ya vitu vilivyoruhusiwa kupita ilikuwa fupi mno, ikaongezwa kidogo kidogo, kibali kwa kibali, huku mashirika ya misaada yakiomba na kusubiri. Tarehe 16 Aprili 1997 ndipo mkutano mwingine wa Arusha ulipofungua mlango kwa upana: vyakula, dawa, vifaa vya elimu, vya ujenzi, na pembejeo za kilimo. Sasa tazama kalenda ya mkulima wa Gitega au Ngozi. Analima mihula miwili mikubwa. Wa kwanza hupandwa Septemba na Oktoba, wa pili Februari na Machi. Njia ilifungwa mwishoni mwa Julai, wakati mbolea na mbegu za muhula wa kwanza zilipaswa kuwa njiani. Ikafunguliwa katikati ya Aprili, wakati maharage ya muhula wa pili yalishatoka ardhini au hayakupandwa kabisa. Mbolea iliyopata ruhusa siku ile haikuwa na muhula mkubwa wa kuingia kwa miezi mitano iliyofuata. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa sana maana ya hilo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mbegu ya mtama ikichelewa wiki tatu, mwaka umekwisha. Ofisa anayeandaa orodha ya misamaha anapaswa kuwa na kalenda ya kilimo ya nchi inayofungiwa mezani pake, karibu na orodha ya ushuru wa forodha. Hilo halihitaji fedha wala mkutano. Linahitaji mtu wa Wizara ya Kilimo kukaa chumba kimoja na mtu wa Mambo ya Nje kabla waraka haujaenda kwa mawaziri.

Jambo la pili katika utekelezaji ni magendo. Mpaka wa Burundi ni mrefu, una vilima, mabonde na ziwa, na mtu hawezi kuusimamia wote kwa maofisa wachache wa forodha na mashua mbili tatu. Mafuta na bidhaa nyingine viliingia kwa njia za panya kutoka pande karibu zote, na kahawa ikatoka kwa njia hizohizo. Bei ndani ya Burundi zikapanda. Anayefaidika na pengo kati ya bei ya nje na ya ndani ni mwenye lori, mwenye fedha taslimu, na mwenye rafiki katika jeshi; yaani tabaka lilelile ambalo vikwazo vilikusudia kulibana. Muuza sabuni wa sokoni Bujumbura alinunua lita ya mafuta ya taa kwa bei ya vita, na tofauti ikaingia mfukoni mwa mtu aliyekuwa karibu na madaraka. Jeshi nalo halikupungua. Liliongezeka katika miaka hiyohiyo. Kwetu upande huu gharama ilikuwepo pia, ila haikupigiwa kelele: kila behewa ambalo halikwenda Kigoma na shehena ya Burundi lilikuwa pato ambalo Shirika la Reli halikulipata, na kila meli iliyotia nanga ziwani bila kazi ilikuwa na mabaharia wenye familia.

Mtaniuliza: mbona basi mwisho ulikuwa mwema? Mazungumzo ya pande zote yalianza Arusha Juni 1998. Vikwazo vikasitishwa tarehe 23 Januari 1999. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo, Nelson Mandela akapokea usuluhishi, na tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Arusha ukatiwa saini. Wapo wanaosema, na hawasemi bure, kwamba bila kubanwa Buyoya asingefika Arusha. Mimi naikubali nusu ya dai hilo. Kubanwa kulimfanya ajue kwamba hatatambuliwa na jirani yeyote hadi azungumze, na uzito huo wa kisiasa ulikuwa mkubwa kuliko uzito wa mafuta na saruji. Tuangalie mpangilio wa matukio. Mapema mwaka 1997 wajumbe wake walikuwa wanazungumza kwa siri huko Roma na waasi wa CNDD, chini ya jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Agosti 1997 serikali yake ilikataa kuja Arusha, wakati vikwazo vya msingi vingali kazini. Juni 1998, kabla tu ya mazungumzo makubwa, ilifikia maelewano ya ndani na Bunge lililokuwa na wengi wa FRODEBU, chama cha Ndadaye. Ukifuata mfuatano huu utaona vikwazo vikiwa sababu moja kati ya kadhaa, pamoja na vita visivyoshindika, hazina iliyokauka, na mabadiliko makubwa ya Zaire baada ya Mobutu kuanguka Mei 1997. Hakuna hesabu inayoonyesha kwamba mwaka wa pili wa kubana uliongeza kitu ambacho mwaka wa kwanza haukukipata. Hesabu inayoonekana wazi ni ya mihula ya kupanda iliyopotea.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, na nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema ukiandika masharti kwa undani unampa mtawala mjanja karatasi ya mtihani yenye majibu. Atatia alama kila kisanduku: Bunge lipo, vyama vipo, mazungumzo yameanza, na ndani yake hakuna kitu. Afadhali, wanasema, kumwacha akisie. Jibu langu liko katika yale yale ya Septemba 1996. Buyoya alifanya hasa wanachokihofia, alitoa Bunge la mifupa, na alifanya hivyo chini ya masharti ambayo hayakuandikwa kwa undani. Ufupi wa masharti ndio uliompa mwanya. Kama jedwali lingesema kwamba Bunge limerudi pale wabunge walio uhamishoni wanapoweza kurejea wakilindwa na waangalizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na kwamba likitimia hilo pembejeo na dawa zinafunguliwa ndani ya siku thelathini, basi Bunge la mifupa lisingepata alama, na Bunge la kweli lingepata malipo. Mjanja hustawi penye maneno mapana. Tena kuna upande wa pili ambao wenye pingamizi hili huusahau: wapo ndani ya serikali inayofungiwa watu wanaotaka maelewano. Waziri wa aina hiyo anahitaji kitu cha kuwaonyesha wenzake wakaidi, kwamba tukifanya hili tunapata lile kwa tarehe fulani. Ukimnyima karatasi hiyo umemwacha mikono mitupu mbele ya makanali.

Wengine huniambia nchi kama yetu haina ubavu wa kuweka vikwazo hata kidogo, kwamba hiyo ni silaha ya matajiri. Historia ya uwanda huu inakataa. Hapa Kongwa, kwenye ardhi ileile ambayo Waingereza walishindwa kulima karanga baada ya vita vya pili vya dunia, kulikuwa na kambi ya wapigania uhuru kuanzia 1964. FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine walipita pale. Mwalimu alikuwa London tarehe 26 Juni 1959, kabla hata ya uhuru wetu, akizungumza katika mkutano ulioanzisha harakati za kususia bidhaa za Afrika Kusini. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukayeyuka. Zambia iliumia kuliko Rhodesia yenyewe katika miaka ya mwanzo ya vikwazo dhidi ya utawala wa walowezi, na ndipo tukapata bomba la TAZAMA, kisha reli ya TAZARA. Tofauti kati ya wakati ule na 1996 ni kwamba wakati ule sisi ndio tuliojinyima, na shabaha haikusogea: utawala wa walio wengi. Kila mtu, kuanzia Kaunda wa Zambia hadi Ian Smith wa Rhodesia, alijua vikwazo vya Rhodesia vingekwisha siku gani.

Sitaki kupita bila kugusa nafasi ya msuluhishi, ingawa ni jambo la kulisema kwa adabu. Mwalimu alikuwa anaongoza mazungumzo, na wakati huohuo alikuwa sauti kubwa katika mikutano iliyoweka na kubakiza vikwazo. Serikali ya Bujumbura iliitumia hali hiyo kudai kwamba anapendelea. Dai lilikuwa la maslahi, ndiyo. Lakini mtendaji mzuri asingempa mpinzani wake dai la bure namna ile. Mkono unaoshika mizani usishike pia ufunguo wa ghala. Ufunguo ungekaa kwa kamati yenye katibu wake na ratiba yake, msuluhishi akabaki wa kusikiliza.

Miaka ishirini na tisa baada ya 1996 tuliona mfano mdogo wenye umbo tofauti. Machi 2025 Malawi ilizuia bidhaa za kilimo kutoka nje zikiwamo unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi, na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wakaonja hasara. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezifungia ndizi zetu kwa miaka. Mwezi Aprili Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alitoa siku za kusubiri, kisha kuanzia usiku wa tarehe 23 mazao ya nchi hizo mbili yakazuiwa kuingia. Alitaja hata zabibu na tufaa za Afrika Kusini, akisema hakuna Mtanzania atakayekufa kwa kuzikosa. Hapa Dodoma kauli hiyo ilikuwa na ladha yake, maana zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mkulima wa Mpunguzi au Makutupora amezoea kuziona zikikosa mnunuzi huku za ng'ambo zikiwa zimepangwa kwenye jokofu la duka. Kabla mwezi haujaisha marufuku iliondolewa ili kupisha mazungumzo. Wapo walioona ni kurudi nyuma. Mimi naona ndiyo sehemu iliyofanywa vizuri: sharti lilikuwa moja, tarehe ilitajwa kabla, na wenzetu walipokubali kuzungumza mlango ulifunguliwa. Ninachokilaumu ni kwamba katika hatua zile ilitajwa pia mbolea iendayo Malawi. Mbolea ya nchi isiyo na bahari haipaswi kuwemo katika orodha yoyote ya kulipiza kisasi. Kumbukeni maharage ya Ngozi.

Wafanyabiashara wa nafaka wa Kibaigwa wanayajua haya kutoka upande wa chini. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi yasiuzwe nje ya nchi bila kusagwa, magunia yalirundikana sokoni na bei ikaanguka. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu, malori yalisimama mipakani kwa siku chache hadi masharti ya vyeti yalipotolewa. Kenya ilikuwa na hoja ya afya, na sisi ambao mwaka 2016 tulizika watu wapatao ishirini wa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyohiyo hatuwezi kuipuuza. Lakini angalieni kilichoyaondoa malori yale: ni orodha ya masharti ambayo dereva angeweza kuisoma na wakala wa forodha kuitimiza. Siku orodha ilipotoka, foleni ikaanza kusogea.

Baraza la Usalama lenyewe limejifunza hili kwa gharama kubwa. Vikwazo vya Irak vya Agosti 1990 viliwekwa bila tarehe ya kwisha. Kuviondoa kulihitaji azimio jipya, na mwanachama mmoja mwenye kura ya turufu angeweza kulizuia. Vikadumu hadi Mei 2003, baada ya Saddam Hussein kuangushwa. Mei 2000, Ethiopia na Eritrea zikiwa vitani, Baraza hilohilo lilipiga marufuku silaha kwa nchi zote mbili kwa azimio namba 1298, na safari hii likaandika miezi kumi na miwili. Mwaka ulipokwisha na mkataba wa amani umeshatiwa saini Algiers, marufuku ikafa yenyewe. Mzigo wa hoja ulikuwa umehama: anayetaka kuendelea ndiye aliyepaswa kusimama na kueleza kwa nini. Huo ndio mpango ninaoutetea kwa kanda yetu, na ni mpango unaoandikika kwa sentensi mbili.

Haja yake inakaribia. Treni za umeme zimefika Dodoma tangu 2024, na reli ya kisasa inajengwa kwenda Tabora hadi Kigoma, na tawi lake kutoka Uvinza kuelekea Musongati, ndani ya Burundi, kwenye nikeli. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, imepewa eneo katika bandari kavu ya Kwala, na miaka michache ijayo sehemu kubwa zaidi ya maisha yake itapita juu ya uwanda huu kuliko ilivyopita mwaka 1996. Ofisi zitakazoamua juu ya njia hiyo ziko Mtumba, hapa Dodoma, umbali mfupi kutoka kwenye reli. Dokezo la siku mbaya linaweza kuandaliwa sasa, katika siku njema, wakati hakuna anayetajwa jina ndani yake. Liwe na orodha ya vitu visivyozuiwa kwa hali yoyote, ikianza na mbegu, mbolea na dawa. Jina la cheo kinachotoa kibali, na siku saba za kujibu, baada ya hapo ukimya uhesabiwe kuwa ruhusa. Ngazi ya kufungua, hatua kwa hatua, yenye kipimo kinachoonekana kwa macho. Na tarehe, si zaidi ya miezi sita mbele, ambayo ikifika mabehewa yanaondoka Ihumwa kwenda magharibi bila kusubiri saini ya mtu.